Gitaa la plaiwudi na kodi za Mzee Fundi Konde

Leo mambo ya hifadhidata yatangoja kidogo.

Tangu ninunue gitaa langu nimeulizwa swali lile lile: kijana wa Dabaso, tena mtu wa kompyuta, unatafuta nini na gitaa la jazi? Maana si gitaa la kawaida. Ni achitopu: kifua chake kimebinuka, na badala ya tundu la duara lina matundu mawili yaliyopinda kama ya fidla. Jibu langu ni jina moja: Fundi Konde.

Mzee huyu alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, huku huku kwetu Kilifi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikundi cha burudani cha jeshi la Waingereza, akafika hadi India na Burma. Miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Nyimbo zake ni kama Tausi, Majengo Siendi Tena na Ajali Haikingiki. Mwaka 1994 zilikusanywa katika albamu moja, zile alizorekodi kati ya 1947 na 1956, na mwaka 2000 akatuaga. Vijana wengi wa hapa wanaijua bango ya Joseph Ngala kutoka arusini, lakini ukitaja Fundi Konde watakuuliza ni fundi wa nini.

Sasa sikiliza gitaa lake. Si ule mtindo wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, wa kudonoa uzi mmoja mmoja kwa vidole. Fundi Konde anashika kodi nene, sauti nne kwa pamoja, na kodi zenyewe zinahamahama kama za bendi za jazi za Marekani. Sitaji jazi kwa sababu ya jina tu. Afrika Mashariki neno hilo lilibandikwa kwenye bendi yoyote ya dansi, kuanzia Dar es Salaam Jazz Band ya 1932, hata kama haikupiga jazi. Kwa Fundi Konde jazi yenyewe imo mikononi.

Na achitopu? Gibson walitoa modeli ya L-5 mwaka 1922, kifua kimechongwa kutoka mbao nzima. Shida waliyokuwa wakitatua ilikuwa kelele: gitaa lilimezwa na tarumbeta. Mwaka 1936 wakatoa ES-150, achitopu yenye pikapu (si ile ya kubebea mihogo, ni sumaku inayogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme). Charlie Christian akalipeleka kwa Benny Goodman mwaka 1939, na gitaa likaanza kupiga solo kama saksafoni. Magitaa ya ubao mtupu kama ya Fender yalikuja sokoni 1950. Kwa hiyo kwa kizazi cha Fundi Konde, ukisema gitaa la umeme, kwa kawaida ulimaanisha gitaa lenye tumbo.

Hapa ndipo bei inapoingia. Achitopu ya kuchongwa ni bei ya gari. Yangu ni ya plaiwudi, iliyokandamizwa kwa mashine, na niliipata kwa bei ya laptopu ya mtumba. Wajuaji huidharau plaiwudi. Wasahaulifu! Gibson ES-175 ya mwaka 1949, gitaa alilolipenda Joe Pass, kifua chake ni mbao za kugandishwa vile vile. Kifua kigumu hakipigi mluzi haraka mbele ya amplifaya. Na kwa joto na unyevu wa pwani, plaiwudi haipasuki ovyo. Watengenezaji wa Gallotone wa Afrika Kusini walijua hilo: gitaa alilokuwa nalo John Lennon mwaka 1957 lilikuwa la kwao, na lebo ndani iliahidi kwamba halitapasuka.

Kazi ni kulitengeneza. Daraja la achitopu halijagundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukitoa nyuzi zote pamoja, daraja linaanguka na umepoteza mahali pake. Badilisha mmoja mmoja.

Mahali pake ni hesabu. Ukitoka freti moja kwenda inayofuata, mtikisiko unazidishwa kwa 1.0595, na ukifika ya 12 umekuwa maradufu. Uzi wa mm 628 una freti ya kwanza mm 35.2 kutoka kichwani, ya pili mm 33.3 mbele yake, na ya 12 katikati kabisa, mm 314. Lakini uzi ukibonyezwa unavutika na sauti inapanda kidogo, kwa hiyo daraja linasogezwa nyuma kidogo kuliko hesabu inavyosema. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, kisha ubonyeze pale pale. Wa kubonyeza ukiwa juu, rudisha daraja nyuma. Ukiwa chini, lilete mbele. Programu ya kupimia sauti kwenye simu inatosha.

Hii si anasa. Hakuna aliyetuandikia kodi za Fundi Konde, lazima uzichimbe kwa sikio. Ninapunguza kasi ya rekodi kwa Audacity, nusu, halafu natafuta vidole. Daraja likikaa vibaya, kodi sahihi inasikika mbovu na unaitupa. Ni kama kusaka kosa kwenye programu huku kompyuta yenyewe ina kumbukumbu mbovu. Tena rekodi za santuri huweza kukaa katikati ya funguo mbili, basi ninakaza gitaa lifuate rekodi, si rekodi ifuate gitaa.

Majengo Siendi Tena bado ina kodi moja inayonikimbia. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepiga dansi miaka ile, mpe gitaa, usimuulize jina la kodi. Tazama vidole vyake, upige picha.