Mkanda wa Wembe: Chapa na Ngozi

Mtu akipata mkanda wa zamani wa kunolea wembe, jicho hukimbilia chapa. Akikuta neno Russia limegandamizwa karibu na kishikio, huamini kwamba ngozi ile ilitoka Urusi. Mara nyingi sivyo. Ngozi ya Urusi ilikuwa na sifa kubwa, na viwanda vya Marekani vilipiga jina hilo hata kwenye ngozi za hukohuko. Tena mikanda hii ilizoea maneno makubwa tangu mapema: mwaka 1796 George Packwood wa London alikusanya matangazo ya mikanda yake akayatoa kuwa kitabu. Ngozi yenyewe ndiyo shahidi wa kuaminika zaidi. Meli Metta Catharina, iliyotoka St Petersburg kwenda Genoa, ilizama Plymouth mwaka 1786. Wapiga mbizi walipoigundua mwaka 1973 walikuta shehena ya ngozi halisi ya Urusi, iliyokolezwa mafuta ya maganda ya mti wa betula na kupigwa mistari ya kukatana, bado nzima ndani ya tope. Hata hivyo mistari hiyo huigwa kwa rola, kwa hiyo nayo peke yake haitoshi. Afadhali kushika kioo cha kukuzia: ngozi ya ng'ombe iliyoachwa na uso wake huonyesha vitundu vya vinyweleo, ilhali ile tabaka ngumu ya matako ya farasi, ambayo mafundi waliithamini sana, ni laini, haina kitundu hata kimoja.

Kama ngozi ndiyo shahidi, basi anayeikwangua yote kwa msasa hadi ing'ae anaufuta ushahidi wake. Mikato midogo hukaa zaidi kwenye ncha za mkanda, pale wembe unapogeuzwa, na humwonyesha mtu ambaye mkono wake ulikuwa haujazoea. Ujuzi huo wa kunoa ulikuja kupungua: kampuni ya Gillette ilianza kuuza nyembe za kubadilishwa, zisizohitaji mkanda, mwaka 1903, na katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliagiza mashine zake milioni 3.5 kwa ajili ya askari. Tangu hapo ujuzi wa mkanda ulizidi kutoka majumbani. Wanyoaji wa kawaida hawakuandika walivyonoa. Alama hizi ndizo karibu yote waliyotuachia.

Wapo watakaosema mkanda ni chombo cha kazi, na mkato wenye kingo zilizoinuka utaharibu makali ya wembe. Ni kweli kabisa. Lakini dawa yake ni kusawazisha kingo hizo tu kwa msasa laini, si kumenya uso mzima. Uchafu hutolewa kwa povu la sabuni ya ngozi na kitambaa kilichokamuliwa vizuri, mkanda ukaushwe kivulini ukiwa umelazwa, kisha upakwe mafuta ya miguu ya ng'ombe kidogo sana, maana yakizidi ngozi hulegea na wembe hukosa pa kushika. Baada ya hapo kiganja kikavu, kikisugua kila siku, huirudishia ngozi uhai bila kuondoa alama hata moja. Mkanda uliokatika hadi katikati hautanoa tena kwa vyovyote. Huo usafishwe tu, uhifadhiwe kama ulivyo.