Ngumi Zisizompiga Mtu: Historia Fupi ya Mazoezi ya Wenye Maradhi ya Kutetemeka

Leo tunazungumzia ngumi. Ndiyo, ngumi hizi hizi za glovu na begi, na tunazizungumzia kwa ajili ya bibi zetu, mama zetu na wakwe zetu wanaotetemeka mikono.

Tuanzie mbali kidogo. Mbeya kuna mtaa unaoitwa Soweto, wenye soko lake mashuhuri. Jina hilo asili yake ni Afrika Kusini, kwenye vitongoji vya watu weusi waliotengwa pembeni ya Johannesburg. Huko, sehemu ya Orlando, miaka ya 1950 kulikuwa na wakili aliyekuwa akitoka kazini jioni huenda kufanya mazoezi ya ngumi. Naye ni Nelson Mandela. Mwenyewe alieleza baadaye kuwa hakupenda ukatili wa kupigana. Alichopenda ni mazoezi yenyewe: mwili kusogea kwa hesabu na mawazo kutua. Januari 1962, alipotoka kwao kwa siri, ndege ilimshusha Mbeya, mwezi mmoja tu baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Mwanamasumbwi mwengine aliyefika nchini kwetu ni Muhammad Ali. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1980, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kushawishi nchi za Afrika zisiende kwenye Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Mwaka 1984 madaktari walimwambia Ali kuwa ana Parkinson. Dunia nzima ilimuona mwaka 1996 akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, mkono ukimtetemeka. Alifariki Juni 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Maradhi haya yana jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeyaeleza mwaka 1817. Lakini kutetemeka kulijulikana na matabibu tangu zamani. Ibn Sina naye alikuandika kwenye Qanun yake, karne 8 kabla. Kinachotokea ni kuwa chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo. Dopamini ndiyo inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Ikipungua, hatua zinakuwa fupi, mwandiko unakuwa mdogo, sauti inafifia, uso unakakamaa.

Sasa ngumi zinaingiaje? Makonde ya kichwani yanaweza kuudhuru ubongo, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2006, katika mji wa Indianapolis, Marekani, aliyekuwa mwendesha mashtaka, Scott Newman, alianzisha mazoezi ya ngumi ambazo hakuna anayepigwa. Aliambiwa ana Parkinson akiwa na miaka 40. Alipoanza kupiga begi, aliona mwili unampa nafuu, akawaita wenzake. Mazoezi yale yakaitwa Rock Steady Boxing na yakaenea nchi nyingi.

Siri yake ni nyepesi kuielewa. Maradhi yanafanya kila kitu kuwa kidogo, na ngumi inataka kila kitu kiwe kikubwa. Mkono unyooke wote, kiuno kizunguke, mguu upige hatua, na sauti ihesabu kwa nguvu. Mwaka 2011 watafiti wa hapo hapo Indianapolis walichapisha habari za wagonjwa 6 waliofanya mazoezi hayo, na wengi wao walipata nafuu katika kusimama na kutembea. Tuwe wakweli: wagonjwa 6 ni wachache, na ngumi haziponyi maradhi haya. Mazoezi mengine pia yanasaidia. Cha muhimu ni kutolala kitandani na kusubiri.

Na hapa kwetu? Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu zaidi ya 161,000, wakawakuta wenye Parkinson 33. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa na daktari yeyote kuwa wana maradhi hayo. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Walikuwa wakiishi nayo tu, wakiambiwa ni uzee. Na sisi visiwani tunajua maneno mengine yanayosemwa: amerogwa, ana shetani wake.

Bi harusi mtarajiwa, hapa sikiliza vizuri. Unaingia nyumba ya watu. Ukimuona mama mkwe hacheki, uso umekauka, anajibu kwa sauti ya chini, usikimbilie kusema hakutaki. Ukifukiza udi yeye asiusikie, usidhani anakudharau. Kupoteza harufu ni moja katika dalili za mwanzo, huja hata miaka kabla ya kutetemeka. Mpeleke kwa daktari. Zipo dawa zinazosaidia, na levodopa ndiyo kongwe iliyo maarufu zaidi.

Lipo suala la dini. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kupiga uso. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Makka liliharamisha ndondi kwa sababu ya madhara yake. Hapa Zanzibar nako zilipigwa marufuku zama za Mzee Karume, zikaruhusiwa tena miaka hii ya karibuni tu. Lakini ngumi tunazozisema hazimpigi mtu, si usoni wala mwilini. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, aeleze hivyo hivyo.

Zinaweza kufanyika uani, wanawake watupu, bila glovu. Kwanza daktari aridhie. Bibi asimame penye ukuta, kiti kiwe nyuma yake, na mmoja wenu akae karibu asije akaanguka. Apige hewa, kulia na kushoto, ahesabu mpaka 10 kwa sauti. Asiyeweza kusimama apige akiwa amekaa, kama vile sala inavyoruhusiwa kwa kukaa kwa asiyejiweza. Mkihesabu pamoja naye, atacheka, na huenda hicho kikawa kicheko chake cha kwanza siku hiyo.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na atupe subira ya kuwatunza. Aamin.