Usimamizi wa muda wa kucheza katika mpira wa kikapu

Usimamizi wa muda wa kucheza ni utaratibu wa kupunguza dakika au mechi za mchezaji wa mpira wa kikapu ili kumkinga na uchovu na majeraha. Hujulikana zaidi katika ligi ya NBA ya Marekani, ambako kila timu hucheza mechi 82 za msimu wa kawaida, kila moja ya dakika 48, mara nyingine siku mbili mfululizo.

Novemba 2012 kocha Gregg Popovich wa San Antonio Spurs aliwarudisha nyumbani Tim Duncan, Tony Parker, Manu Ginóbili na Danny Green kabla ya mechi ya Miami. Ligi iliitoza klabu faini ya dola 250,000. Msimu wa 2018–19 Kawhi Leonard alicheza mechi 60 tu za msimu wa kawaida, kisha akaiongoza Toronto Raptors kutwaa ubingwa. Mfano huo ndio unaotajwa zaidi, ingawa peke yake hauthibitishi kwamba mapumziko huzuia majeraha. Tangu msimu wa 2023–24, tuzo kuu nyingi za ligi humtaka mchezaji afikishe mechi 65.