Kifungu cha 14 na Walimu wa Ng'ambo ya Tana

Shule zikifungwa, foleni ya ukaguzi kwenye daraja la Tana mjini Garissa hujaa walimu. Utawajua kwa mizigo yao: begi la nguo, mfuko wa karatasi za mtihani, na mara nyingi kopo la nyirinyiri la kuwapelekea watoto nyumbani. Askari anatazama vitambulisho, abiria wanapanda tena, basi linavuka kuelekea Madogo. Aliyetoka Mandera ana safari ya kilomita elfu moja hivi hadi Nairobi. Wanafunzi humwita macallin, neno la Kisomali lililo ndugu na maalim wa pwani.

Kwamba mwalimu huyu alitoka mbali si jambo lililozuka tu. Serikali ya kikoloni iliufunga mkoa huu wa kaskazini mashariki mwa Kenya kwa sheria ya 1902, ikakaza kamba kwa sheria nyingine ya 1934, na mtu akawa haingii wala hatoki bila kibali. Uhuru ulipokuja, ikafuata hali ya hatari iliyodumu tangu mwisho wa 1963 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpaka leo wapo wazee wanaosafiri kwenda Nairobi na kusema, "Naenda Kenya." Mahali palipofungwa hivyo hapangeweza kulea walimu wake wa kutosha. Wakaletwa kutoka ng'ambo ya mto.

Waliokuja walipewa marupurupu ya mazingira magumu, na vyama vya walimu vimeyapigania kwa miaka mingi. Lakini marupurupu yanalipia jua na maji ya chumvi. Hayalipii familia iliyogawanyika. Sheria ya Ajira ya 2007 ilikuwa hatua kubwa: mama alipata likizo ya uzazi ya miezi mitatu badala ya miwili, tena bila kupoteza likizo yake ya mwaka kama ilivyokuwa chini ya sheria ya 1976, na baba akapata wiki mbili. Sasa mfikirie baba aliyekuwa Mandera. Siku kadhaa za wiki hizo mbili ziliishia barabarani, na mtoto akamwona baba yake akiwa mchovu.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Kifungu chake cha 14 kinasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa au iliyo karibu, asitakiwe kurudi mahali hapo hadi hatua za kuiondoa zichukuliwe. Walioiandika huenda waliwaza mashine za kiwandani na mitaro inayoporomoka.

Hatari ya walimu ilikuwa nyingine. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera alfajiri lilitekwa na wapiganaji wa Al-Shabaab, na watu 28 wakatengwa na wenzao na kuuawa. Wengi walikuwa walimu wanaokwenda likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 waliuawa Koromey, wengine wakiwa bado kwenye mahema yao. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kwenye majengo yaliyowahi kuwa chuo cha walimu. Sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini huihesabu safari kuwa sehemu ya kazi pale mwajiri anapomsafirisha mfanyakazi kwa gari alilomtolea. Mwalimu aliyejikatia tiketi kwenda kwa watoto wake yuko wapi katika maneno hayo?

Walimu wengi walikataa kurudi, na vyama vyao vikasimama nao. Siwezi kuwalaumu. Na siwezi kumsahau Salah Farah, mwalimu na Mwislamu, aliyekuwa ndani ya basi lililoshambuliwa karibu na El Wak Desemba 2015. Washambuliaji walipotaka Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria walikataa. Farah alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata.

Januari 13, 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika maeneo mengi ya Garissa, Wajir na Mandera. Wazazi na wabunge wa eneo hili walilalamika, na wengine wakawaona walimu kama wasaliti. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwa heshima. Katiba ya 2010 inampa mfanyakazi haki ya kutendewa sawasawa kazini katika kifungu cha 41, na mtoto haki ya elimu ya msingi katika kifungu cha 53. Mdaiwa wa haki zote mbili ni dola ileile. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini kina nusu mbili: mfanyakazi asirudishwe, na hatari iondolewe. Nusu ya kwanza ilitekelezwa kwa mabasi na barua za uhamisho. Ya pili ndiyo iliyowahusu watoto waliobaki.

Madarasa hayakubaki matupu yote. Mahali pengi wazazi walichanga na kumweka kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye jana alikuwa mwanafunzi mwenyewe. Sheria ya Ajira inataka kazi ya kuanzia miezi mitatu iwe na mkataba wa maandishi. Kijana huyu hana barua ya ajira. Hana likizo, hana marupurupu, na akiumia hakuna anayeandikwa kuwa mwajiri wake. Anachokabidhiwa asubuhi ni chaki na daftari la mahudhurio, na watoto wanasimama na kumwita macallin.