Rejista isiyokuwepo: mgeni akiiomba, ajibiwe nini?

Januari 1967, katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, programu ya CP-40 ilianza kuigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe kadhaa, kila mtumiaji akiona mashine nzima ni yake. Mpango mzima ulitegemea nidhamu ya prosesa: mfumo mgeni, ulio ndani ya mashine pepe, ukitoa amri nyeti, prosesa husimama na kumkabidhi shauri mwenyeji, yaani programu inayosimamia mashine pepe, naye ndiye anayeamua cha kujibu. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliiweka kanuni hiyo kwenye maandishi.

Prosesa za x86 hazikuifuata. Chukua amri ya POPF. Mgeni akiitumia kuzima ukatizaji bila kuwa na mamlaka hayo, prosesa hailalamiki. Inalipuuza ombi kimyakimya na kazi inaendelea. Mwaka 2000 John Robin na Cynthia Irvine walikuta amri 17 korofi katika Pentium. Kampuni ya VMware ilikuwa ikizikwepa kwa kutafsiri msimbo wa mgeni huku unaendeshwa; kisha Intel ikatoa VT-x, msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa yenyewe, mwaka 2005, na AMD ikafuata na wake mwaka mmoja baadaye.

Amri za RDMSR na WRMSR, zilizokuja na Pentium ya 1993, hazimo katika zile 17. Zina adabu: asiye na mamlaka akizigusa, hitilafu inazuka papo hapo. Taabu yake ni nyingine. Zinasoma na kuandika rejista zinazotambulishwa kwa namba, na nyingi hutofautiana prosesa hadi prosesa. Mgeni anatia namba ndani ya ECX, anasubiri jibu katika EDX na EAX. Sasa, namba hiyo mwenyeji asipoijua, ajibu nini?

KVM, mwenyeji wa mashine pepe aliyeingia katika Linux 2.6.20 mwaka 2007, kwa kawaida hujibu kama prosesa halisi: hitilafu namba 13. Jibu la kweli, lakini mgeni asiyejiandaa linamwangusha. Windows huishia kwenye skrini ya buluu. Ndiyo sababu ya swichi ya ignore_msrs. Ukiiwasha, anayesoma anapewa sifuri, anachoandika kinatupwa. Wanaoendesha macOS juu ya KVM wanaijua sana.

Binafsi siiamini. Sifuri nayo ni jibu, na mgeni atalipigia hesabu. Akiitumia kama kigawanyo, ataanguka mbali na palipoanzia kosa, na fundi atasaka usiku kucha. Aliyeandika ili kuwasha kinga ataamini imewaka. Huu ni ukimya uleule wa POPF, safari hii umewekwa na programu kwa hiari yetu.

Linux 5.10, ya Desemba 2020, ilileta njia ninayoiona bora: KVM inaweza kuipitisha rejista isiyoijua kwa programu inayoiendesha mashine pepe, nayo ikachagua kuigiza thamani inayofaa au kurudisha hitilafu, rejista moja baada ya nyingine.