Kidhibiti sauti cha waya: kukigeuza kiwe cha rimoti

Baadhi ya spika za kompyuta na sabufa huja na kisanduku kidogo mwishoni mwa waya, chenye nobu ya kuongeza na kupunguza sauti. Nyuma ya nobu mna potenshiometa, kifaa chenye njia ya kaboni ambacho ukinzani wake hubadilika kadiri kinavyozungushwa. Anayetaka kuitawala sauti akiwa amekaa mbali ana njia kadhaa, na iliyo bora ni ile inayouacha muziki upite kwenye waya wake na kurusha hewani amri peke yake. Televisheni zilitangulia huko: rimoti ya kampuni ya Zenith ya mwaka 1950 ilikuwa na waya uliowakwaza watu sebuleni, na ile ya mhandisi Robert Adler ya mwaka 1956 ilituma mlio usiosikika na binadamu.

Kinachofaa kuwekwa ni potenshiometa yenye mota. Kipokezi cha infraredi cha kilohezi 38 hupokea amri, maikrokontrola huisoma, na saketi ndogo huizungusha mota mbele au nyuma. Mpangilio wa asili wa ishara wa kampuni ya NEC, unaotumiwa na rimoti nyingi, hutuma namba ya kifaa na ya amri, kila moja ikifuatwa na kinyume chake, hivyo ujumbe ulioharibika hutambulika na kutupwa. Nobu ikifika mwisho, klachi ya potenshiometa hiyo huteleza na mota husalimika. Mkono nao bado waweza kuizungusha nobu, na umeme ukikatika sauti hubaki pale ilipoachwa.

Wapo watakaosema chipu ya kidijitali ya kudhibiti sauti haichakai wala haikwaruzi, na ni kweli: PGA2311 hupanda na kushuka kwa nusu desibeli, kwa usafi mkubwa. Lakini chipu nyingi za bei nafuu hukubali volti 0 hadi 5 tu, ilhali mawimbi ya sauti huenda juu na chini ya sifuri. Tena hatua zake hulingana kwa ukinzani, wakati sikio halisikii hivyo. Sauti ya chini hurukaruka. Wengine hupendekeza kipokezi cha Bluetooth. Hicho huurusha muziki wenyewe hewani, huubana, na mara nyingi huuchelewesha kiasi cha midomo ya waigizaji kutangulia maneno. Hiyo ni gharama kubwa mno kwa kazi ya kupunguza sauti.

Kabla ya kukata waya wowote, fundi apime. Muziki ukiwa umezimwa na spika zikiwa zimewashwa, aizungushe nobu huku mita ikisoma volti za umeme mnyoofu. Zikipanda na kushuka kwa kufuata nobu, basi kisanduku hakipitishi muziki kabisa. Kinaiamuru chipu iliyomo ndani ya amplifaya. Kwenye spika za namna hiyo mota ni gharama ya bure. Maikrokontrola ikitoa volti zilezile, kupitia kichujio cha resista na kapasita, sauti hupanda na kushuka bila kitu chochote kuzunguka.