Imani ya moyo na ukiri wa kinywa
Imani ya moyo na ukiri wa kinywa ni fundisho la Kikristo kuhusu wokovu lenye msingi katika Warumi 10:9-10, sehemu ya waraka ambao Mtume Paulo aliuandika yapata mwaka 57 BK. Kinachoaminiwa ni ufufuo wa Yesu. Kinachokiriwa ni ubwana wake. Paulo anaanza na kinywa kwa kufuata Kumbukumbu la Torati 30:14, kisha katika mstari wa 10 anatanguliza moyo. Kubadilisha mpangilio huko kunaonyesha kwamba moyo na kinywa vinakwenda pamoja; kwa hiyo kuvitenganisha ni kumsoma Paulo vibaya. Katika Afrika Mashariki, uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliufanya ushuhuda wa hadharani, yaani ukiri huo wa kinywa, kuwa alama ya aliyeokoka. Nchini Uganda wafuasi wa uamsho huo huitwa Balokole.